Mti Mgeni Juu ya Shina la Nyumbani: Jinsi Aina Mpya za Miembe na Mikorosho Zinavyofika Shambani Malindi

Mtu amekwenda Dubai au Maskati, amekula embe lililomlegeza, akaiosha kokwa, akaifunga kwa karatasi na kurudi nayo Malindi ndani ya sanduku la nguo. Anaipanda nyuma ya nyumba, karibu na mfereji. Miaka saba baadaye mwembe unazaa. Matunda ni madogo, yamejaa nyuzi, na ladha yake haikaribii ile iliyomfanya aione kokwa kuwa mali. Hapo ndipo husemwa kwamba ardhi ya huku haikubali miti ya ng'ambo.

Ardhi haina kosa. Ua la mwembe hupokea chavua kutoka mti wowote ambao nzi au nyuki amepitia asubuhi hiyo, kwa hivyo kokwa iliyo ndani ya tunda ina mama mmoja anayejulikana na baba asiyejulikana. Kokwa ni mtoto, si pacha. Huenda akamshinda mama yake, lakini mara nyingi hamfikii. Embe la Haden lilitokana na kokwa ya Mulgoba, aina ya India, iliyopandwa Florida mwaka 1902. Na Tommy Atkins, embe linalojaza masoko ya Ulaya, nalo lilitokana na kokwa ya Haden. Mama, mwana na mjukuu, na watatu hao hawafanani. Ila kila mwembe wa Tommy Atkins ulioko duniani leo, uwe Brazili au Kenya, ni kipande cha mti ule mmoja. Parachichi la Hass ni vivyo hivyo: mti mmoja tu uliota California, ukapewa hataza mwaka 1935, na yote yaliyofuata yamekatwa kutoka kwake au kutoka kwa vipande vyake. Aina ya mti wa matunda basi hukaa ndani ya kijiti, na anayetaka aina ile ile hana budi kuletewa kijiti.

Kuna maembe yanayokiuka kanuni hii, na ni vizuri kuyajua. Mengi ya asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na baadhi ya maembe yetu ya mwambao, kokwa yake moja hutoa miche mitatu, minne au zaidi, na karibu yote ni nakala halisi za mama. Maembe ya asili ya India kwa kawaida hutoa mche mmoja tu, nao ni mchanganyiko. Kujua lako ni lipi ni rahisi: pasua ganda la kokwa kwa kisu kwenye ukingo wake mwembamba utoe kiini. Kikiwa kipande kimoja kizima, mche utakaoota usiuamini. Kikiwa vipande vingi vimebanana kama punje za kitunguu saumu, panda, kisha ung'oe mche dhaifu kuliko yote, kwani mara nyingi huyo ndiye aliyechanganyika na baba. Hii ndiyo sababu bibi zetu waliweza kupanda maembe fulani kwa kokwa na yakabaki vile vile.

Wageni waliosahau kuwa ni wageni

Karibu kila mti tunaouona kuwa wetu uliletwa na upepo wa kaskazi au na jahazi la mtu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu kwa wali na achari ya embe bichi, kwa hivyo mwembe ulishafika pwani hii kabla ya hapo. Mwezi Januari 1499, mabaharia wa Vasco da Gama walipofika Malindi wakirejea kutoka India, hoi kwa ugonjwa wa kiseyeye, kitu cha kwanza walichokitamani kwa wagonjwa wao kilikuwa machungwa ya mji huu. Mkorosho ulitoka Brazili kwa mkono wa Wareno. Ngowe, embe refu lililopinda ncha kama ngowe ya kuangulia matunda, inaaminika lilitoka Unguja likapandwa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Nalo embe la Apple, ambalo leo limeyajaza mashamba ya Makueni na Machakos, asili yake inaaminika kuwa hapa Malindi. Kwa mkulima wa Makueni wa kizazi kilichopita, Malindi ndiyo ilikuwa ng'ambo.

Kwa hivyo haina haja kuuliza kama miti ya nje hukubali huku. Swali lenye faida ni: mti gani, kutoka mahali gani, na juu ya shina gani?

Uliza hali ya hewa kabla ya bei

Malindi iko usawa wa bahari, kiasi cha nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na usiku wa baridi kabisa wakati wa kusi mara chache hushuka chini ya nyuzi 20 za joto. Kipimo hicho kimoja hufuta nusu ya miti inayotangazwa kwenye simu.

Pistachio huhitaji baridi kali ili machipukizi yaamke: mamia ya saa, hata kukaribia 1,000, za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Malindi haina hata saa moja. Mti hautakufa upesi, utakaa tu umeduwaa, majani machache nchani, miaka ikipita. Lozi na tufaha ni hadithi hiyo hiyo. Hata tufaha la Anna, lililochaguliwa Israeli kwa ajili ya sehemu zenye joto, bado linataka saa mia mbili au tatu. (Mkungu wa ufukweni, ambao watu wengine huuita mlozi, si lozi hata kidogo, ingawa kiini chake huliwa na ni kitamu.) Makadamia, iliyofika Kenya katikati ya miaka ya 1940, imestawi Thika, Murang'a na Embu kwa sababu ya ubaridi wa vilima. Parachichi la Hass linataka mwinuko wa mita 1,000 na zaidi. Likiletwa pwani maua hupukutika na matunda machache yanayobaki huwa madogo. Waliouza ng'ombe kununua miche ya Hass huku chini walinunua bei ya soko la Murang'a, bila hewa ya Murang'a. Parachichi la mwambao ni lile kubwa la ngozi laini, lenye mafuta kidogo, ambalo hustahimili joto na hata chumvi kidogo. Aina bora zaidi zitafutwe ndani ya ukoo huo.

Maembe ya Florida yako katikati. Kent, Keitt na Tommy Atkins yalichaguliwa mahali ambapo miezi miwili mitatu ya baridi huuambia mwembe uache majani utoe maua. Huku kwetu kinachouambia hivyo ni kiangazi. Mwaka ambao kiangazi kimekatizwa na mvua, mwembe wa Florida huchipua majani mekundu mazuri, usitoe ua hata moja, na mkulima hudhani mbolea imezidi. Ngowe na Apple hazikosei mara nyingi namna hiyo kwa sababu zimechaguliwa na pwani yenyewe.

Sasa tazama mfano unaokubali. Fortaleza, mji mkuu wa jimbo la Ceará nchini Brazili, uko nyuzi 3.7 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa bahari, kwenye kichanga chenye jua kali na kiangazi kirefu. Karibu na hapo, Pacajus, watafiti walichagua mikorosho mifupi inayozaa mapema, na mwaka 1983 wakatoa kloni, yaani nakala za mti mmoja uliochaguliwa, ziitwazo CCP 06 na CCP 76. Badala ya jitu la mita 10 linalotaka nafasi ya mita 12 kila upande, hizi huvunwa na mtu aliyesimama chini, na huanza kuzaa mwaka wa pili. Ukiangalia ramani pekee, Ceará na Malindi ni ndugu.

Ramani pekee haitoshi, na hapa ndipo waangalifu wengi hujikwaa. Wakati kloni hizo zinachaguliwa, ubwiriunga haukuwa adui mkubwa wa mikorosho ya Brazili. Huku kwetu ndio adui wa kwanza. Ni ukungu mweupe kama unga wa sembe unaofunika maua machanga wakati wa umande wa kusi, mwezi wa saba na wa nane, na ua likishafunikwa halifungi korosho. Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei mbovu na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, lakini ubwiriunga ulikuwa mmoja wa wauaji wakuu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndicho kilichokaa miaka mingi kikichagua mikorosho inayovumilia ugonjwa huo, na kwa Kenya kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kina kloni zake, kama A81 na A100. Kwa mkulima wa Gede au Mpeketoni ushauri wetu ni huu: kloni za Mtwapa ziwe chakula chako cha kila siku, na mti wa Brazili uwe mgeni wa kujaribiwa hadi uonekane umepita miezi ya saba mitatu au minne bila kuangusha maua.

Mlango wa kuingilia

Turudi kwenye sanduku la nguo. Ladha si hasara pekee. Ndani ya kokwa ya embe hukaa fukusi anayeishi humo humo, na kwa nje hujui yumo. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003. Mwanzo alidhaniwa ni aina mpya na akapewa jina jipya. Baadaye ikabainika ni yule yule nzi wa Asia. Huyo ndiye anayetaga mayai ndani ya embe linaloanza kuiva hata ukalikata ukakuta funza, na ndiye chanzo kikubwa cha Kenya kujizuia yenyewe mwaka 2014 kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, hadi 2021.

Kwa hiyo sheria ya Kenya inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na kibali kiombwe kabla kijiti hakijaondoka kilikotoka. Kibali ndicho kinachomwambia mkaguzi wa nchi ile nyingine apime nini. Mzigo nao uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo, bila udongo hata chembe. Ukifika hauendi shambani. Miti hubebeshwa, yaani kijiti huungwa juu ya shina la mche mwingine, na kukuzwa ndani ya karantini, ikichunguzwa virusi na wadudu, mpaka iachiliwe. Huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Ikiwa aina ina mwenyewe, yaani haki za mzalishaji zimesajiliwa (Kenya ni mwanachama wa mkataba wa UPOV wa kulinda aina mpya za mimea tangu 1999), ruhusa yake nayo hutakiwa kabla ya kuizidisha kwa ajili ya kuuza.

Mkulima mmoja mmoja hana haja ya kupita mlango huo peke yake. Aina nyingi anazozitamani zimeshaingia nchini na zimo Mtwapa, Msabaha au kwenye vitalu vilivyosajiliwa. Aulize kwanza hapo. Akikosa, waungane kikundi na kuiandikia taasisi ya utafiti, maana gharama ya karantini kwa vijiti 5 na kwa vijiti 50 haitofautiani sana.

Miti ya jamii ya mchungwa ihofiwe kuliko yote. Ugonjwa unaoyafanya majani kuwa na mabaka ya manjano yasiyolingana kushoto na kulia, na machungwa kubaki mabichi upande mmoja, huenezwa na mdudu mdogo, lakini husafiri vilevile ndani ya kijiti. Kijiti kimoja kutoka mti mgonjwa hufikisha ugonjwa Hindi au Witu, huko Lamu, ambako haukuwapo. Mnazi ni mgumu kwa njia nyingine: haubebesheki, lazima nazi yenyewe isafiri, na miche ya minazi mifupi inayopitishwa mipakani kwa pikipiki ni hatari tupu kwa sababu Tanzania na Msumbiji zina ugonjwa wa kunyong'onyea unaoua mnazi mzima na hauna dawa.

Kijiti kisichojua kulala

Mti wa nchi za baridi hulala wakati wa theluji, na kijiti chake kikikatwa usingizini hukaa ndani ya friji kwa miezi. Mwembe na mkorosho havijui usingizi huo. Kijiti kimekatwa, saa inahesabu. Joto likikipata hukauka, barafu ikikigusa huwa cheusi. Kikifungwa vizuri na kuwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 14, kijiti cha mwembe huweza kufika wiki. Bila hivyo, siku mbili au tatu.

Kikonyo, maana ndilo jina la kijiti cha kubebesha, huandaliwa juu ya mti wake kabla hakijakatwa. Chagua tawi la mwisho lililokomaa, unene wa penseli, lenye umri wa miezi mitatu au minne, rangi ikianza kutoka kijani kwenda kijivu. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, ondoa majani yote kwa mkasi ukiacha vishikio vya majani, kama sentimita moja. Mti hudhani umevuliwa nguo na kuanza kusukuma utomvu kwenye jicho la nchani. Vile vishikio vya majani vikidondoka kwa kuguswa tu, na jicho limevimba bila kufunguka, tayari. Kata asubuhi mapema, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Funga kwa gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa, kisha plastiki, weka kwenye kasha la samaki lililosafishwa, barafu ikiwa chini na taulo katikati. Anayetuma kutoka Mtwapa kwa basi kwenda Lamu na aweke hivyo; mzigo ukipanda boti Mokowe bado unapumua.

Usichukue kikonyo kutoka mti uliojaa maua. Kitatoa maua badala ya majani, na ua halijengi mti.

Kubebesha

Shina la chini liwe la nyumbani, na hili tunalisisitiza kuliko lolote. Tafuta mwembe mzee ambao umesimama miaka mingi juu ya tumbawe, ukinywa maji ya munyu, bila kugeuka manjano. Kokwa zake ndizo za kuzalisha mashina. Udongo wa tumbawe una chokaa nyingi, na chokaa hiyo huufungia mti madini ya chuma: majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Israeli walichagua shina maalumu, liitwalo 13-1, kwa ajili ya udongo wa chokaa na chumvi. Mzee wa jirani anaweza kuwa na mti unaofanya kazi hiyo hiyo bila jina. Kwa mkorosho, mimina korosho za mbegu ndani ya ndoo ya maji, panda zinazozama, zinazoelea achana nazo.

Mche wa mwembe hubebeshwa ukiwa na miezi 6 hadi 12, unene wa penseli. Wa mkorosho huwahi, miezi miwili au mitatu inatosha, na usichelewe kwenye kiriba kwani mzizi mkuu hujikunja chini kama chango, na mti wa namna hiyo hung'olewa na kusi miaka kumi baadaye.

Mkato wa mche uwe sentimita 20 hadi 25 kutoka udongoni, na ubakishe majani machache chini yake. Pasua katikati sentimita 3 au 4. Kichonge kikonyo pande mbili kiwe kabari ya urefu huo huo, kwa mkato mmoja kila upande. Ukirudia rudia uso huwa na mawimbi na haushikani. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa kijani, unaoteleza, na huo ndio pekee unaoota. Utando wa kikonyo lazima uguse utando wa shina. Kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, usikiweke katikati kwa sababu kinapendeza. Kisogeze upande mmoja utando ukutane na utando. Funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, kwa kukaza, maji ya mvua yasipenye. Vika kifuko cheupe cha plastiki juu ya kikonyo na ukifunge chini ya kiungo. Weka kivulini.

Wiki ya tatu au ya nne jicho hufunguka. Ondoa kifuko jioni, si saa sita mchana. Utepe ukae miezi miwili mitatu kisha ukatwe kwa upande wa nyuma. Ukisahaulika hukaba, na mti huvunjika hapo siku ya upepo.

Mambo yanayoharibu kazi tunayajua kwa mpangilio wake. Kisu butu ni cha kwanza. Cha pili ni utomvu: mwembe na mkorosho hutoa utomvu unaokauka haraka, kwa hivyo kati ya kukata na kufunga isipite dakika moja. Cha tatu ni mvua kubwa za mwaka (masika), ambazo huozesha kiungo. Miezi ya baada ya mvua hizo hufaulu zaidi. Cha nne huonekana miaka mitatu baadaye. Chipukizi limeota chini ya kiungo, ni shina la nyumbani lenye nguvu zake, hakuna aliyeling'oa, kikonyo kikafa polepole kivulini mwake. Mkulima anavuna maembe ya kokwa na kuapa kwamba aliuziwa Kent. Kila unapopita, angalia chini ya kiungo, ng'oa kwa kidole likiwa bado laini.

Mti mzee ndio shamba la majaribio

Malindi, Magarini na Lamu zimejaa miembe na mikorosho mirefu inayozaa kidogo. Watu wengi huikata makaa kisha hununua miche. Hiyo ni hasara mbili. Mzizi wa mwembe wa miaka thelathini umeshapenya tumbawe na kufika mahali ambapo mche hautafika kwa miaka minane, na mzizi huo ukipewa kichwa kipya huzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Baada ya mavuno makuu, mvua za mwaka zikikaribia, kata matawi makubwa mita moja au moja na nusu kutoka ardhini. Anza na mkato wa chini, theluthi ya unene, kisha ukate kutoka juu, la sivyo tawi likianguka huchana gome hadi shinani. Acha tawi moja zima upande wa magharibi: hulisha mizizi na kukinga jua la alasiri. Mkwezi akishauri kukata yote mara moja, mkatalie. Mti uliovuliwa kila jani mara nyingi hufa. Paka chokaa mashina yaliyobaki wazi maana gome lililozoea kivuli huungua na kupasuka. Kwa mkorosho angalia kila wiki unga wa mbao na gundi chini ya shina: mdudu mtoboaji huvutwa na jeraha, na waya wa baiskeli ulionyooshwa ndio dawa ya uhakika ya kumtoa shimoni.

Machipukizi yatatoka mengi. Bakisha manne hadi sita kwa kila tawi, yaliyokaa mbalimbali, na yakifika unene wa penseli yabebeshe kama mche. Hapa ndipo penye faida kubwa: tawi la kwanza libebeshe Apple, la pili Kent, la tatu aina unayoishuku, na lile la magharibi libaki dodo lake la zamani. Udongo mmoja, maji mamoja, mzizi mmoja. Ukungu ukija utaona kwa macho tawi gani limenusurika. Tawi likionyesha ubaya, libebeshe upya. Umepoteza msimu, hukupoteza shamba. Mwaka ambao tawi zuri limejitambulisha, hapo nunua miche 20.

Miche hiyo ichimbiwe mashimo ya sentimita 60 kila upande, na penye tumbawe tumia mtaimbo ufike 90. Udongo wa juu uchanganywe na debe mbili za samadi iliyooza. Samadi mbichi huita mchwa. Kiungo kibaki juu ya udongo kiasi cha shubiri moja. Nafasi ya mita 8 hadi 10 kwa mwembe. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche ndoo ya maji mara mbili au tatu kwa wiki, na maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yang'oe yote ingawa yanauma roho. Usihukumu aina kwa mavuno ya mwaka mmoja. Mwembe hupumzika mwaka mmoja ukazaa mwingine. Miaka minne ya kuzaa ndiyo inayosema kweli.

Mnunuzi na mwenye ardhi

Tommy Atkins ina ngozi nene, haiozi haraka, na husafiri kwa meli bila kuharibika. Mlaji wa Malindi akiionja humrudisha muuzaji Apple au boribo, na ana haki. Madalali wengi huku hununua mti mzima tunda likiwa bado bichi, na bei yao hufuata jina wanalolijua. Aina isiyo na jina sokoni hulipwa kama dodo hata ikiwa bora. Kabla ya kupanda, peleka kikapu kimoja cha aina hiyo, hata kama kimetoka shamba la kituo cha utafiti, kwa mama anayeuza sokoni na kwa mwenye kiwanda cha juisi, uwaulize watakichukua kwa kilo ngapi na mwezi gani.

Kuna jambo zito zaidi, na wataalamu wanaokuja na miche hulipita. Pwani hii mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, familia nyingi zimelima juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Mwenye hati huruhusu mahindi na muhogo, lakini mti wa kudumu humtia wasiwasi: mnazi, mwembe na mkorosho hapa ni ushahidi wa umiliki. Mkulima anayekataa mche wa bure mara nyingi si mjinga wala mvivu. Anajua akiupanda anaweza kufukuzwa kabla haujazaa. Palipo na hali hiyo, kubebesha mti uliokwisha kuwapo huzua ugomvi mdogo kuliko kupanda mpya, lakini bado makubaliano yaandikwe mbele ya mzee wa mtaa: miti mingapi, iko wapi, matunda ni ya nani, na fidia ni kiasi gani mmoja akiondoka.

Na majina yaandikwe pia. Mashamba mengi ya Malindi yana miembe mizuri inayoitwa tu "ya kisasa", aliyeileta ameshakufa, na hakuna anayejua akate kikonyo gani. Kalamu ya wino hufutwa na jua kabla ya vuli. Kata kipande cha kopo la soda, liandike kwa ncha ya msumari jina la aina, lilikotoka na tarehe, kisha lining'inize kwa waya uliolegea kwenye tawi, si kwenye shina, na mwaka ukirudi ulegeze tena.